Mgombea akitajwa kwenye kashfa, nani hasa anamkimbia? Niliyoyaona kando ya ziwa

MWANAMWALO (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Niko Kirumba, Mwanza, biashara yangu ni dagaa, na misimu ya uchaguzi huwa naitwa kusaidia kupanga mawakala na vijana wa hamasa. Chama gani haihusiani na mada. Anayenijua humu anyamaze tafadhali.

Kila uchaguzi ukikaribia mjadala wetu unakuwa uleule. Mgombea akitajwa kwenye kashfa, upande mmoja unashangilia "huyo kwisha habari yake", upande wa pili unajibu "Watanzania wanasahau, anapita". Wote wanaangalia mkutano wa hadhara. Mimi nimeona tuhuma zikifanya kazi mahali pengine kabisa.

Nianze na ya hadharani, ya kanda yetu. Mwaka 2014 Bunge liliwaka moto kwa sakata la Escrow, shilingi bilioni 306 zilizochotwa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Profesa Anna Tibaijuka, mbunge wa Muleba Kusini, alikuwa amepokea bilioni 1.6 kutoka kwa mfanyabiashara aliyetajwa kwenye sakata hilo. Alisema ni mchango wa shule ya wasichana. Desemba mwaka huohuo Rais Kikwete akamwondoa uwaziri. Andrew Chenge wa Bariadi, naye bilioni 1.6, na huyu alikwishajiuzulu uwaziri Aprili 2008 kwa zile fedha za kisiwa cha Jersey alizoziita vijisenti. Ng'ambo yetu hapa, Sengerema, William Ngeleja alitajwa kwa milioni 40.4.

Haya, Oktoba 2015 ikafika, hata mwaka haujatimia tangu watajwe. Wote watatu wakarudi bungeni! Chenge akawa mmoja wa wenyeviti wa Bunge. Ngeleja alizirudisha zile fedha TRA Julai 2017, akisema alizipokea kama msaada tu, wakati huo ubunge alikuwa nao mkononi. Na tuwe wa haki, hakuna aliyetiwa hatiani na mahakama kwa jambo hilo katika hao watatu.

Sasa linganisha na kata moja ya kando ya ziwa ninayoifahamu, jina naliacha. Mgombea wetu wa udiwani alikuwa mweka hazina wa kikundi cha wavuvi. Wavuvi walichangishana hela ya injini ya boti ya uokoaji, maana upepo wa ziwa letu mnaujua, na watu walikuwa wamezama. Hela ikachangwa, injini ikawa hadithi. Kampeni ilipofika katikati upande wa pili ukaanza kuuliza kwenye spika: "Injini iko wapi?" Basi. Hawakutukana, hawakutaja TAKUKURU. Swali hilohilo kila jioni, gari la matangazo likipita taratibu kando ya mwalo.

Mikutano yetu haikupungua. Ilijaa zaidi, watu walikuja kusikia atajibuje. Mgombea akafurahi, akatuambia mnaona, wananiamini. Lakini asubuhi moja yule mama aliyekuwa akiongoza akina mama wa hamasa, anayeanzisha wimbo wenzake wakaitikia, alikuja dukani kwa meneja kampeni akaweka mfuko wa rambo juu ya kaunta (enzi hizo rambo bado ruksa). Ndani mlikuwa na tisheti, kofia na kanga. Vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimekunjwa. Akasema mtoto anaumwa, hataweza kuendelea. Injini hakuigusia kabisa. Mume wake ni mvuvi.

Baada ya hapo wakaanza kuniponyoka mmojammoja. Bodaboda waliokuwa wanajitolea wakadai mafuta kwanza. Mawakala wakauliza posho yao anaishika nani. Swali la "anaishika nani" halikuwahi kuulizwa kabla.

Siku ya kura tukapigwa. Nilizunguka vituoni kusoma karatasi za matokeo zilizobandikwa ukutani, nikalinganisha na za uchaguzi uliotangulia. Mpinzani alikuwa na kura zilezile na nyongeza ya kawaida. Zetu ndizo ambazo hazikuwepo. Watu wetu hawakuhama, walibaki majumbani, na wale ambao kazi yao ilikuwa kwenda kuwagongea milango walikuwa wameshakunja tisheti.

Hoja yangu ndiyo hii: mpiga kura wetu hapimi ukubwa wa tuhuma, anapima umbali wake. Bilioni 306 ni hela ya "serikali", iko Dar, iko benki, haina sura. Hela ya injini ina majina ya watu kwenye daftari. Na wa kwanza kuondoka ni wale wa ndani, wanaobeba kampeni mgongoni. Karibuni.

MTOTO WA IGOMA

Nimesoma nusu, ngoja nimalize ugali narudi. Ila hiyo ya tisheti kupigwa pasi imenigusa. Mama angekuwa na hasira angeitupa. Kupiga pasi maana yake alikaa akafikiria.

NYAMAGANA YETU

Mkuu, uzi mtamu ila umeupika kidogo. Kama mgombea wenu aliiba, mbona hakushtakiwa? Nchi hii kila msimu wa uchaguzi watu wanafufuka na tuhuma, kura zikihesabiwa tuhuma zinazikwa. Siasa za maji taka tu. Wananchi wa Muleba na Bariadi walipima wakaona waliletewa barabara, maji, shule. Wewe ulitaka wamkatae mtu aliyewafanyia kazi kwa sababu ya magazeti ya Dar?

Na hao wa kubaki nyumbani, ungewaambia ukweli kwamba hamkuwapa hela ya maji wangetoka tu.

MWANAMWALO

@Nyamagana Yetu, unanisaidia bila kujua. Umesema mwenyewe: waliletewa barabara, na tuhuma zilitoka kwenye magazeti ya Dar. Kilicho karibu kikashinda kilicho mbali. Mimi sijasema walikosea.

Hela ya maji tulitoa. Tena iliongezwa.

WAKILI WA KIJIWENI

Niweke sheria mezani kabla hamjafika mbali. Tuhuma hazimzuii Mtanzania kugombea ubunge. Ibara ya 67 ya Katiba inamzuia aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa lililoambatana na utovu wa uaminifu, na pia aliyetiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo, au kwa kuvunja sheria ya maadili ya viongozi wa umma, ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Yaani hukumu. Kutajwa bungeni, kuhojiwa, kuandikwa gazetini, vyote hivyo havimtoi mtu kwenye karatasi ya kura.

Matokeo yake kazi yote ya kuchuja inaangukia kwa chama na kwa mpiga kura. Chama kina kamati, vikao, taarifa za vyombo. Mpiga kura ana alichosikia kwenye kahawa.

Pili, tahadhari kwa wachangiaji: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 bado ipo. Mwenye jina la mtu asilimwage hapa.

MALIMBE

Nafundisha huku Malimbe, siyo mwanasiasa. Mwanamwalo kaandika kwa macho kitu ambacho watafiti wamekizungukia miaka mingi.

Mwaka 2020 Trevor Incerti alichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali juu ya wapiga kura na rushwa. Watu wakipewa dodoso lenye mgombea wa kubuni mla rushwa, wanamnyima kura kwa kiasi cha asilimia 32 hivi. Lakini watafiti walipopeleka taarifa za kweli kwa wapiga kura wa kweli kabla ya uchaguzi wa kweli, athari ilikaribia sifuri. Kwa hiyo ukimuuliza mtu pale Mlango Mmoja "utamchagua fisadi?" atakuapia hapana, na wala hakudanganyi. Siku ya kura karatasi haina jina la fisadi. Ina jina la mtu wa chama chake, anayemjua, dhidi ya mtu asiyemtaka.

Mexico mwaka 2009 walisambaza vipeperushi vya ukaguzi wa matumizi ya halmashauri kabla ya uchaguzi. Palipotangazwa ufisadi mkubwa, kura za chama kilichokuwa madarakani zilishuka, ila na waliojitokeza kupiga kura walipungua pia, na wapinzani nao hawakunufaika. Watu walichoka na siasa yenyewe. Hizo ndizo karatasi zenu za ukutani.

Mfano safi zaidi ni Marekani, jimbo la Alabama, uchaguzi wa useneta wa Desemba 2017. Roy Moore wa Republican aliandamwa na tuhuma za kuwasumbua kimapenzi wasichana wadogo, mambo ya miaka ya 1970, yeye akakana. Jimbo hilo Trump alikuwa amelishinda kwa tofauti ya asilimia 28 hivi mwaka mmoja kabla. Moore akashindwa na Doug Jones wa Democratic kwa kura 21,924. Sasa angalia: kura za walioandika jina jingine kwa mkono, wamkwepe Moore bila kumpa mpinzani, zilikuwa 22,852. Hata seneta mkongwe wa chama chake jimboni humo, Richard Shelby, alisema hadharani kwamba aliandika jina la Republican mwingine.

Kwetu hakuna kuandika jina kwa mkono. Kuna kulala tu.

Ila Mwanamwalo, kuna kesi inayokubana. Ufaransa 2017, kwenye mbio za urais, François Fillon alikuwa anaongoza kura za maoni ya wananchi. Januari gazeti likafichua kwamba mke wake alilipwa kwa miaka kama msaidizi wake bungeni, na kazi yenyewe haionekani. Hela ya serikali, mbali na mtu wa kawaida. Akaishia wa tatu, asilimia 20, nje ya duru ya pili. Umbali wako uko wapi hapo?

MWANAMWALO

Mwalimu, asante. Ya Fillon naijibu hivi: yule alijinadi kwa usafi. Kwenye mchujo wa chama chake aliwarushia wenzake maneno ya nani anaweza kufikiria de Gaulle, rais wao shujaa wa zamani, akichunguzwa. Mtu akipanda jukwaani na sabuni mkononi, doa lake linaonekana mara mbili. Wa kwetu hawakupanda na sabuni, walipanda na mabomba ya maji na madarasa.

MALIMBE

Nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba wapiga kura wa Fillon walikuwa na pa kwenda. Macron alikuwa pale jirani, sera hazipishani sana. Mpiga kura wa Bariadi 2015 angekwenda wapi bila kujisikia amekisaliti chama chake? Mahali ambapo chama kimoja kimeshika mizizi, tuhuma ya mgombea inagonga ukuta. Kaulize pia athari ya redio: Brazil, Ferraz na Finan waligundua kwamba ripoti za ukaguzi zikitoka kabla ya uchaguzi ziliwaangusha mameya wezi, na ziliwaangusha zaidi palipokuwa na redio ya mtaa ya kuzisoma. Mwanza tuna redio tangu enzi. Ni nani anasoma ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya halmashauri yetu hewani, ukurasa kwa ukurasa, kwa lugha ya mwaloni?

MTOTO WA IGOMA

Nimerudi. CAG akisomwa hewani wasikilizaji watapiga simu kuomba wimbo.

MZEE WA MAKONGORO

Vijana, mnazungumzia kashfa bila kumtaja Lowassa? Shikamoo zenu nimepokea.

Septemba 2007 pale Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya mafisadi, na Lowassa alikuwemo. Februari 2008 kamati ya Mwakyembe ikaleta bungeni ripoti ya Richmond, ule mkataba wa umeme, na Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, akajiuzulu. Miaka saba upinzani ulilishwa jina hilo. Sisi wa CHADEMA hapa Mwanza tulikuwa tukilitamka pamoja na neno fisadi hadi watoto wakadhani ni jina la ukoo.

Julai 2015 akahamia kwetu. Ilichukua wiki ngapi? Sikumbuki hata kama zilifika tatu. Watu walewale niliokuwa nao wakilaani, nikawaona njia panda ya Furahisha wakideki barabara apite. Niliuliza, na ya Richmond je? Nikajibiwa: "Hakuhusika, alibebeshwa." Jibu hilo CCM walikuwa nalo tangu 2008, sisi ndio tulilikataa. Dk. Slaa peke yake ndiye aliyekunja tisheti, kwa lugha ya mleta mada.

Na kura za urais? Slaa 2010 alipata asilimia 27 hivi. Lowassa 2015 alipata asilimia 39.97, kura zaidi ya milioni sita. Tuhuma ya kitaifa kabisa, iliyomng'oa mtu uwaziri mkuu, haikumzuia kuvunja rekodi ya mgombea wa upinzani.

Kwa hiyo mimi nasema mfuasi haendi na ukweli wa tuhuma, anaangalia nani anaitamka. Ikitamkwa na adui ni fitina, ikitamkwa na sisi ni ushahidi.

NYAMAGANA YETU

Mzee shikamoo. Sema yote basi. Mwaka huohuo Nyamagana na Ilemela mlizokuwa nazo tangu 2010 mkazipoteza zote mbili. Umati wa Furahisha haukuzilinda.

MZEE WA MAKONGORO

Marahaba. Tulizipoteza, ndiyo. Mgombea wenu wa urais, Magufuli, alikuwa mtoto wa Chato, mtu wa kanda, hilo nalo liweke kwenye mizani. Lakini nitakupa kitu usichotarajia kwangu: makamanda wetu wa zamani, wale wa kulala vituoni wakilinda kura 2010, wengine mwaka huo hawakuonekana. Hawakwenda CCM. Walikuwa wamekaa kimya tu, na mimi ninawajua kwa majina. Kwa hiyo yawezekana mleta mada ana neno.

MAMA KIZIMBA

Habari zenu kaka zangu na wazee. Nauza soko mojawapo hapa mjini, kizimba changu ni cha mboga. Nimesoma wote mnaongelea hela tu. Hela, hela, hela. Hakuna aliyegusa tuhuma za mwili.

Sisi wanawake wa sokoni tuna taarifa kabla ya magazeti. Kiongozi anayeomba mtu "aje ofisini jioni" ili apate kizimba tunamjua. Mwanafunzi aliyezungushwa kwa ajili ya ufadhili tunajua anatoka nyumba gani. Sheria ipo, rushwa ya ngono ni kosa, kifungu cha 25 cha sheria ya TAKUKURU ya 2007, tulifundishwa kwenye semina tukapewa na soda. Nani anakwenda kuripoti? Ukiripoti unaulizwa ulivaa nini, na kesho kizimba kina mtu mwingine.

Basi mtu kama huyo akigombea, hamtasikia chochote. Mikutano tutakwenda, kanga tutapokea, tena tutacheza. Kaka Mwanamwalo, kwako mama alirudisha tisheti kwa sababu mgombea alikula hela za mumewe, jambo hilo linasemeka. Hili la kwetu halisemeki, kwa hiyo tisheti hairudishwi. Inavaliwa hadi siku ya kura. Mle ndani ya kibanda mtu yuko peke yake.

Niliwahi kuona mgombea wa aina hiyo akianguka kwenye kituo ambacho yeye na wapambe wake walikihesabu kama cha nyumbani. Wapambe wakasema wamehujumiwa. Wakatafuta msaliti miongoni mwa wanaume wenzao. Hakuna aliyefikiria kuhesabu wanawake.

Kwa hiyo ukimya msiusome kama uaminifu.

MWANAMWALO

Dada, umenyoosha mada. Nilikuwa nahesabu wanaoondoka tu. Wewe unanionyesha waliobaki ndani na tisheti zao. Meneja kampeni gani anaweza kuwahesabu hao?

MAMA KIZIMBA

Angekuwa na mwanamke mmoja kwenye kamati yake ambaye haogopi kumwambia, angejua mapema. Lakini kamati zenu mwanamke yuko jikoni anasimamia pilau.

JAKISUMU

Salamu kutoka upande ule mwingine wa ziwa, Kisumu. Naona mnaongea juu ya tuhuma ndogondogo. Sisi 2013 tulikuwa na wagombea wawili kwenye tiketi moja ya urais, Uhuru Kenyatta na William Ruto, wote wanakabiliwa na kesi ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kule The Hague kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Katiba yetu ya 2010 ina Sura ya Sita ya uadilifu, mahakama ikaombwa iwazuie, Februari 2013 ikakataa. Ofisa mmoja wa juu wa Marekani aliyehusika na Afrika akatuonya kwamba chaguo letu litakuwa na athari zake. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi kubwa kwao! Kampeni ikageuka: si kesi ya watu wawili tena, ni wazungu dhidi yetu. Wakashinda kwa asilimia 50.07 raundi ya kwanza. Kesi ya Uhuru ikaondolewa Desemba 2014, ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016.

Sasa, huku Kisumu zile kesi tulizisoma kwa jicho jingine, watu walikuwa wamezika watoto wao. Tuhuma moja, nchi moja, na ukivuka kaunti chache inabadilika kutoka dhambi hadi medali. Nakubaliana na mzee hapo juu, ila ninaongeza kabila. Nyinyi Watanzania mna bahati, hamuongei hilo kwa sauti.

MZEE WA MAKONGORO

Tunaliongea kwa sauti ya chini, mwanangu. Usitusifie sana.

MALIMBE

Hiyo ya Kenya inafanana na ya Zuma wa Afrika Kusini. Mei 2006 aliachiwa huru kwenye kesi ya ubakaji, bado mashtaka ya rushwa yakawa yanamning'inia, na Desemba 2007 wajumbe wa ANC kule Polokwane wakampa urais wa chama. Aprili 2009 mashtaka yale yakaondolewa, wiki mbili hivi baadaye ANC ikashinda kwa asilimia 65.9. Wafuasi walishakubaliana kwamba anaandamwa. Kuandamwa ni mtaji.

MJUMBE MSTAAFU

Nimekaa pembeni nikicheka. Mnahangaika na mpiga kura wa Oktoba wakati mchezo unaisha kwenye kura za maoni za chama. Nilikuwa mjumbe miaka mingi, siku hizi nimepumzika na mabwawa yangu ya samaki.

Mnasema wajumbe si watu wazuri. Sawa. Lakini niwaambie tuhuma zinavyosomwa mle ndani. Mtia nia akija na tuhuma, mjumbe haulizi ni za kweli au za uongo. Anauliza: zitatupotezea jimbo? Kama jimbo ni la chama tangu enzi za mababu, jibu ni hapana, na hapo tuhuma inageuka kuwa bei. Mtia nia msafi anakuja na maneno. Mwenye tuhuma anajua anadaiwa, anakuja amejipanga. Mahakama Kuu ilishaitangaza takrima, zile zawadi za mgombea kwa wapiga kura, kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006, na 2010 ikaja sheria ya gharama za uchaguzi. Tangu hapo kilichobadilika ni saa ya kugonga mlango. Zamani jioni, sasa usiku wa manane.

Ndiyo maana hao watatu wa mleta mada walipita 2015. Na mwaka 2020 hakuna hata mmoja wao aliyerudi bungeni. Wananchi walikuwa walewale. Upepo ndani ya chama ndio uliobadilika.

WAKILI WA KIJIWENI

@Mjumbe Mstaafu, Profesa Tibaijuka alitangaza mwenyewe kwamba hagombei tena. Usiwaweke wote kapu moja.

MJUMBE MSTAAFU

Sawa wakili, mtoe huyo. Wawili wanatosha.

MTOTO WA IGOMA

Kwa hiyo mzee unakiri ulipokea?

MJUMBE MSTAAFU

Mabwawa ya samaki nimeyachimba kwa jembe langu, kijana.

BINTI UKARA

Samahani wakubwa, mimi ni msomaji wa kimya, leo nimejisajili kwa sababu ya uzi huu. Kaka yangu ni mtia nia wa udiwani kisiwani. Anasingiziwa kwamba alikula michango ya darasa. Mimi ninajua hakula, kwa sababu nilikuwa naandika risiti. Wapambe wake wanamshauri afanye mkutano mkubwa, alete msanii, ajibu mapigo kwa kumfichua mpinzani. Na yeye tayari amekasirika anataka kwenda polisi kufungua kesi ya kuchafuliwa jina. Afanye nini?

NYAMAGANA YETU

Ajibu mapigo. Siasa haina malaika. Ukinyamaza unaonekana umekubali.

WAKILI WA KIJIWENI

Kuchafuliwa jina ni madai, hayo yanakwenda mahakamani na siyo polisi, na hukumu itatoka uchaguzi umeshasahaulika. Haki anayo, ila haitamsaidia kupata kura.

MWANAMWALO

Binti, msikilize Wakili, wapambe waache kwanza. Mkutano mkubwa na msanii unajibu watu ambao hawakuuliza. Walioumizwa na maneno hayo ni wachache na anawajua: wazazi waliochangia, mwalimu mkuu, fundi, mwenyekiti wa kitongoji. Awaendee hao kwanza, kabla ya spika. Aende na daftari la michango, risiti ulizoandika wewe, na taarifa ya akaunti kutoka benki yenye mhuri. Akae chini, asisimame. Awape wakague wenyewe, kila mzazi atafute jina lake na kiasi chake. Kama kuna shilingi imekwenda kwenye nauli ya boti kufuata saruji, ailete na hiyo, asifiche kwa sababu ni ndogo. Mtu akikuta ndogo imefichwa anaamini na kubwa ipo.

Mgombea wetu wa injini nilimshauri hivyohivyo. Alisema daftari liko kwa katibu, katibu amesafiri.

Wale wazazi wakishatosheka, usimwambie kaka yako awapandishe jukwaani. Wataongea wenyewe kisimani na kwenye boti.

MAMA KIZIMBA

Na awaite akina mama wachangiaji siku yao, bila waume zao. Kuna maswali hawatauliza mbele ya wanaume. Wewe mdogo wangu ndiye ukae nao, kaka yako aje mwishoni asalimie.

BINTI UKARA

Nimeelewa, asanteni sana. Kikao cha wazazi kipo Jumapili baada ya ibada. Shida ni taarifa ya benki, tawi liko Nansio na leo ni Alhamisi. Jumamosi wanafungua?

MALIMBE

Wanafungua nusu siku. Avuke kesho, asisubiri Jumamosi. Na aombe ya tangu michango ilipoanza, asilete ya mwezi mmoja.

BINTI UKARA

Anavuka kesho na boti ya asubuhi. Ninakwenda naye.